Damu baada ya biopsi ya tezi dume: mwanaume wa Kisangani aogope nini hasa?

KISANGANI. Mazungumzo ya tezi dume yakianza kwenye kituo cha toleka, au kando ya mto watu wakisubiri mtumbwi wa kwenda Lubunga, neno saratani halichukui nafasi kubwa. Kinachozungumzwa ni damu. Kuna mzee alikwenda hospitali kuchukuliwa kipande cha nyama, akarudi nyumbani kwa miguu yake, usiku mkojo ukatoka mwekundu. Hadithi hubadilika kidogo ikitoka Mangobo kwenda Kabondo, lakini mwisho wake ni ule ule: bora asingekwenda.

Wanaosimulia hivyo si wajinga. Biopsi ya tezi dume kweli humtoa mtu damu, na humtoa karibu kila mtu. Ambacho hadithi ya kituoni haisemi ni damu ya aina gani, kwa siku ngapi, na nani yuko macho ikizidi. Maswali mawili ya kwanza yana majibu yanayojulikana duniani kote. La tatu hujibiwa na kila mji kwa hali yake, na kwa mji uliokatwa katikati na mto Kongo, jibu halijawa zuri.

Suala hili linazidi kuwa la watu wengi. Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume wa Kongo katika makadirio ya kimataifa ya saratani, na ni ugonjwa wa umri. Mtu aliyekuwa na miaka 35 wakati mabomu ya Vita vya Siku Sita yalipoanguka katika mji huu mwezi Juni 2000, leo amefika 60. Kizazi kilichonusurika vita vile ndicho sasa kinachoamka mara nne usiku kwenda kukojoa.

Matundu kumi na mawili

Tezi dume ni kiungo kidogo, kama ndimu. Kimekaa chini ya kibofu, kimeuzunguka mrija wa mkojo, na nyuma yake ipo njia ya haja kubwa, kwa umbali wa ukuta mwembamba tu. Kwa sababu hiyo daktari huweza kukigusa kwa kidole, na kwa sababu hiyo hiyo njia ya zamani ya kuchukua sampuli hupitia nyuma.

Mgonjwa hulala kwa ubavu. Kifaa cha ekografi huingizwa kwenye njia ya haja kubwa, ganzi hudungwa, kisha sindano yenye springi hufyatuliwa mara 10 hadi 12. Kila mara hurudi na kijiti cha nyama chembamba kama uzi. Katika hospitali nyingi za Afrika ambako kifaa hicho hakipo, madaktari wamefanya kazi hiyo kwa kuongozwa na kidole. Inawezekana, na imeokoa wengi, ila daktari wa namna hiyo haoni kwa macho mahali sindano inapofikia.

Kila sindano hutoboa ukuta wenye mishipa ya damu, kisha huingia kwenye tezi ambayo nayo imejaa mishipa. Damu basi ina milango mitatu ya kutokea: haja kubwa, mkojo na shahawa. Kwenye haja kubwa kwa kawaida huisha ndani ya siku mbili au tatu. Kwenye mkojo huweza kuja na kuondoka kwa siku kadhaa, hata wiki moja au mbili. Kwenye shahawa hukaa wiki nyingi zaidi, ikigeuka kutoka nyekundu kuwa ya kahawia kama kutu. Hii ya mwisho haina hatari, lakini ndiyo inayovunja ndoa. Mwanaume ambaye hakuambiwa lolote akiiona mwezi mmoja baadaye huamini amekatwa kitu, au hufikiri amepewa ugonjwa. Mke naye huwaza yake.

Utafiti mmoja mkubwa wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la BMJ, uliwafuatilia wanaume 1,147 kwa siku 35 baada ya biopsi ya njia hii. Theluthi mbili ya waliojibu waliona damu kwenye mkojo. Zaidi ya theluthi moja waliiona kwenye haja kubwa. Kwenye shahawa walikuwa zaidi ya tisa kati ya kumi. Ukisoma hapo tu, mzee wa kituo cha toleka ana haki kabisa.

Lakini watafiti wale waliuliza swali la pili: je, damu hiyo ilikusumbua? Waliosema damu ya mkojo ilikuwa tatizo la kati au kubwa walikuwa kama 6 kati ya 100. Kwa damu ya haja kubwa hawakufika 3 kati ya 100. Na katika 10 kati ya 100 walioona haja ya kumtafuta mhudumu wa afya, sababu iliyoongoza haikuwa damu. Ilikuwa dalili za maambukizi.

Jambo jingine katika utafiti ule halizungumzwi sana. Mara tu baada ya biopsi, mmoja kati ya kumi alisema kuirudia kungekuwa tatizo kwake. Siku saba baadaye, walikuwa karibu mmoja kati ya watano, na waliobadilika mawazo walikuwa hasa wale waliopata dalili mbaya nyumbani. Hofu basi haizaliwi kwenye meza ya daktari. Huzaliwa chooni, siku ya tatu, mtu akiwa peke yake.

Takwimu za kule, mwili wa hapa

Ni rahisi kuchukua takwimu za Uingereza na kumwambia mgonjwa wa Tshopo: usijali, ni wachache sana. Mimi nasita. Wanaume wale walikuwa na daktari wa familia kwa simu, damu ilikuwapo kwenye friji, na dawa walizokuwa wakitumia ziliandikwa mahali.

Hapa dawa nyingi haziandikwi popote. Mzee mwenye maumivu ya mgongo (na saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa huanza mara nyingi kwa maumivu ya mgongo) hununua diklofenaki au ibuprofeni kwa muuza dawa wa mtaani, anameza wiki nzima, na haoni kwamba hiyo ni dawa ya kumtajia daktari. Dawa za kundi hilo hupunguza uwezo wa damu kuziba tundu. Akiulizwa hospitalini, "Unatumia dawa yoyote?" atajibu hapana, na atakuwa hajadanganya. Swali linalofaa ni jingine: ukiumwa mgongo unameza nini, na umemeza lini mara ya mwisho?

Kuna wanaomeza aspirini kidogo kila siku kwa ajili ya moyo au baada ya kiharusi. Hao wasiache wenyewe kwa kuogopa damu. Miongozo ya sasa ya wataalamu wa mfumo wa mkojo barani Ulaya inakubali biopsi ifanyike mtu akiendelea na aspirini ya kipimo kidogo, kwa kuwa moyo ukiziba hasara ni kubwa kuliko mkojo mwekundu wa siku mbili. Warfarini na dawa nyingine kali za kuzuia damu isigande ni habari tofauti. Hizo hupangwa na daktari aliyeziandika, na damu hupimwa kasi yake ya kuganda kabla ya sindano.

Tena kuna ini. Homa ya ini aina B imeenea katika ukanda huu wa Afrika, na ini lililochoka halitengenezi vya kutosha vile vitu vinavyogandisha damu. Kuna malaria, ambayo hushusha chembe zinazoziba majeraha madogo. Kongo peke yake hubeba zaidi ya sehemu moja ya kumi ya malaria yote duniani, na mtu mzima wa hapa huweza kuwa na vijidudu hivyo bila kulala kitandani. Na kuna jambo la kawaida zaidi: mtu anaingia kwenye biopsi akiwa tayari amepungukiwa damu, kwa lishe, kwa minyoo au kwa saratani yenyewe. Mwanaume mwenye hemoglobini 14 akipoteza kikombe cha damu atachoka. Mwenye 8 huweza kuzimia kwenye ngazi za nyumba yake.

Kwa hiyo vipimo vya kabla ya biopsi, hemoglobini, kuganda kwa damu, malaria, mkojo, haviwezi kuitwa anasa ya hospitali kubwa. Ndivyo vinavyoweza kuzifanya takwimu za Uingereza ziwe na maana hapa. Bila hivyo ni takwimu za watu wengine.

Mto uko katikati

Chukua mfano wa mzee anayeishi Lubunga. Manispaa hiyo ni sehemu ya Kisangani kwa karatasi, lakini iko ng'ambo ya kushoto ya mto, na hospitali kubwa, pamoja na Kliniki za Chuo Kikuu na hospitali kuu ya rufaa ya Makiso, ziko ng'ambo ya kulia. Asubuhi amefanyiwa biopsi. Mchana amevuka kurudi. Saa nne usiku anataka kukojoa, hakuna kinachotoka. Bonge la damu limeziba njia, kibofu kinajaa, na maumivu yake hayafanani na chochote alichowahi kuonja.

Kitabibu hilo si jambo gumu. Huingizwa mpira mnene wa mkojo, wenye njia tatu ikiwezekana, mabonge huoshwa kwa maji ya chumvi safi, kibofu husafishwa mpaka maji yatoke meupe. Muuguzi mzoefu hulifanya. Ugumu uko kwenye saa nne usiku, mtumbwi, na nauli.

Vivyo hivyo damu ya haja kubwa inayokataa kukoma. Hatua ya kwanza ni ya mkono: daktari hukandamiza kwa kidole au kwa shashi mahali panapotoka damu. Isipokoma, mpira wenye puto huingizwa na kujazwa maji ili ubane ukuta. Isipokoma hapo, anahitajika mtaalamu mwenye kamera ya kuingiza ndani ili azibe mshipa. Hatua mbili za kwanza haziombi mashine ya mamilioni. Zinaomba mgonjwa afike.

Na Lubunga ni karibu. Tshopo ni jimbo kubwa kuliko yote ya Kongo, karibu kilomita za mraba 200,000. Anayetoka Opala, Isangi au Bafwasende kuja kufanyiwa biopsi mjini hawezi kuambiwa "ukiona tatizo urudi" kama anayeishi barabara ya pili. Kwa mtu wa mbali ushauri wa kweli ni kulala mjini kwa ndugu angalau usiku wa kwanza na wa pili, na hiyo ni gharama ambayo haionekani kwenye risiti ya hospitali. Ni hesabu ambayo familia inapaswa kuifanya kabla ya kupanda mtumbwi au pikipiki, na hospitali ndiyo ya kuwaambia waifanye.

Usafiri wenyewe ni sehemu ya tiba. Toleka, baiskeli za abiria ambazo mji huu umejulikana nazo kwa miaka mingi, hazimfai mtu aliyetoka kuchomwa matundu 12 karibu na makalio. Kiti kigumu na mashimo ya barabara hukandamiza hapo hapo. Kwa siku chache, asipande baiskeli, asibebe magunia, anywe maji mengi ili mkojo uoshe damu kabla haijaganda, na akiumwa ameze parasetamoli badala ya ile diklofenaki. Mwendesha toleka ambaye yeye mwenyewe ndiye mgonjwa ana shida kubwa zaidi: kupumzika siku tano kwake ni siku tano bila chakula nyumbani.

Kuna kizuizi kingine ambacho hakina uhusiano na mto. Nchini Kongo mgonjwa hulipa mfukoni mwake karibu kila hatua, na imeandikwa mara nyingi kuhusu wagonjwa wanaozuiliwa hospitalini hadi familia ilipe deni. Mtu anayejua hivyo, akianza kutoka damu usiku, hafikirii damu tu. Anafikiria bili. Anasubiri asubuhi, anaona labda itakoma yenyewe. Mara nyingi hukoma kweli, ndiyo maana tabia hiyo haifi.

Chupa ya damu, na anayeipata kwanza

Ni wachache sana wanaohitaji kuongezewa damu baada ya biopsi. Lakini anayehitaji, anaihitaji usiku ule. Anakuta foleni.

Mji huu una watoto wengi wenye siko seli. Uchunguzi wa watoto wachanga uliofanyika Kisangani na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa karibu mmoja kati ya mia huzaliwa na ugonjwa wenyewe, na zaidi ya mmoja kati ya watano hubeba nusu yake. Ongeza watoto wanaopungukiwa damu kwa malaria, na akina mama wanaotoka damu baada ya kujifungua. Hao ndio wanaoamka usiku kutafuta chupa, na hakuna muuguzi atakayemlaza mtoto wa miaka miwili ili ampe mzee wa sabini. Wala asifanye hivyo.

Damu nzima huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 6, na hata kwenye mfuko wenye dawa nzuri ya kuitunza hukaa takriban wiki tano tu. Inahitaji friji isiyozima. Mji unaotegemea kituo cha umeme cha maporomoko ya Tshopo, pamoja na matatizo yake ambayo kila mkazi anayajua, hauwezi kuweka akiba kubwa kwa amani. Kinachobaki ni ndugu: familia huambiwa ilete mtu wa kutoa. Damu ya namna hiyo lazima ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C na kaswende kabla haijaingia mwilini mwa mwingine, na kupima kwa haraka usiku wa manane ndipo makosa hutokea.

Kwa mzee anayepangiwa biopsi, tarehe inajulikana mapema. Tofauti na mtoto wa malaria, yeye anaweza kujiandaa. Kundi lake la damu lipimwe wiki moja kabla. Ndugu wawili wenye afya wapimwe pamoja naye. Kama hemoglobini iko chini, biopsi isogezwe, apewe madini ya chuma, atibiwe minyoo. Saratani nyingi za tezi dume huenda polepole kiasi cha kuvumilia wiki tatu au nne za maandalizi. Hospitali inayomchoma mtu mwenye hemoglobini 7 kwa sababu "amefika leo na pesa anayo leo" inamfanyia haraka isiyo yake.

Homa haina rangi

Nimeandika sana juu ya damu kwa sababu ndiyo inayoogopwa. Kinachoua zaidi baada ya biopsi ya kupitia nyuma ni kingine. Sindano inapita mahali penye kinyesi, inabeba vijidudu mpaka ndani ya tezi, na baadhi huingia kwenye damu. Siku ya pili au ya tatu mtu anatetemeka, joto linapanda, mapigo ya moyo yanakimbia. Hana damu hata tone. Anaonekana kama mtu mwenye malaria, na Kisangani mtu anayetetemeka hupewa dawa ya malaria na kulala. Saa 24 zikipotea hivyo, anaweza kufa.

Vijidudu hivyo vimezoea dawa. Siprofloksasini, iliyokuwa kinga ya kawaida kwa biopsi kwa miaka mingi, imeshindwa nguvu katika nchi nyingi, na mahali inapouzwa kama karanga hali haiwezi kuwa nzuri. Kuosha njia ya haja kubwa kwa dawa ya ayodini kabla ya sindano hupunguza maambukizi, na dawa hiyo si ghali. Njia mpya, ya kupitisha sindano kwenye ngozi kati ya korodani na njia ya haja kubwa, inakwepa kinyesi kabisa, na miongozo ya Ulaya sasa inaipa kipaumbele. Inaondoa karibu damu yote ya haja kubwa, ingawa ya mkojo na shahawa hubaki. Inahitaji kifaa na mafunzo. Kama kuna mahali pa kuweka pesa kwa ajili ya wazee wa jimbo hili, ningeanza na hapo, kabla ya jengo jipya lenye utepe wa kukatwa.

Nani achomwe, nani aachwe

Si kila tezi iliyovimba inahitaji sindano. Wazee wengi wanaokojoa kwa shida wana uvimbe wa kawaida wa umri, usio saratani. Kipimo cha damu cha PSA hupanda kwa saratani, lakini pia kwa uvimbe huo, kwa maambukizi, hata kwa mpira wa mkojo uliowekwa karibuni. Mtu mwenye PSA ya 6 na mkojo wenye usaha anatakiwa kutibiwa kwanza, apimwe tena baada ya wiki kadhaa, ndipo izungumzwe sindano. Kila biopsi isiyo ya lazima ni matundu 12 ya bure.

Upande wa pili wapo wanaofika wamechelewa kabisa: tezi ngumu kama jiwe, PSA ya mamia, mifupa inauma, miguu imeanza kufa ganzi. Kwa mtu huyo saratani haina shaka kubwa, na kumcheleweshea matibabu ya kushusha homoni akisubiri majibu kutoka maabara ya mbali kunaweza kumgharimu miguu yake. Wapo madaktari wanaoanza tiba kwanza katika hali hiyo, na nadhani wana hoja. Biopsi ina faida kubwa zaidi kwa yule wa katikati, ambaye ugonjwa bado uko ndani ya tezi. Na huyo wa katikati ndiye anayekimbizwa na hadithi ya damu.

Wengine hukimbilia magome. Mti wa Prunus africana, unaoota kwenye milima ya mashariki mwa nchi hii, umevunwa magome yake kwa miongo mingi na kuuzwa Ulaya kutengeneza dawa za tezi dume, mpaka mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya uangalizi wa mkataba wa kimataifa wa CITES. Huenda husaidia mkojo wa uvimbe wa kawaida. Hautibu saratani. Anayekunywa na kupata nafuu ya mkojo huweza kupoteza mwaka mzima.

Rais aliyenyamaza, rais aliyesema

Mgonjwa wa tezi dume anayejulikana kuliko wote katika historia ya nchi hii ni Mobutu Sese Seko. Agosti 1996 alifanyiwa upasuaji Lausanne, Uswisi. Wananchi waliachiwa fununu. Vita vilianza mashariki akiwa mgonjwa, na Kisangani ilipoanguka mikononi mwa AFDL tarehe 15 Machi 1997, yeye alikuwa Ulaya kwa matibabu. Alifariki Rabat, Morocco, tarehe 7 Septemba mwaka huo. Kwa kizazi kizima cha Wakongo, ugonjwa huu uliingia katika mazungumzo kama siri ya ikulu na dalili ya mwisho wa mtu.

Novemba 2014, Jakaya Kikwete wa Tanzania alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins nchini Marekani. Yeye aliwaambia wananchi ni saratani, kwamba iligunduliwa mapema, akawahimiza wanaume wakapime. Alirudi kazini na kumaliza muhula wake. Wote wawili walitibiwa nje, jambo ambalo mzee wa Mangobo hawezi. Lakini mmoja aliacha nyuma yake maneno ambayo mwanaume wa kawaida angeweza kuyarudia kwa mkewe.

Serikali ya Kongo ilianzisha Septemba 2023 huduma ya bure ya uzazi na ya watoto wachanga, ikianzia Kinshasa, kama hatua ya kwanza ya bima ya afya kwa wote. Kuanza na akina mama ni sawa. Mzee wa tezi dume, hata hivyo, hayumo, na hakuna anayeandamana kwa ajili yake. Hata yeye mwenyewe haandamani, kwa sababu angelazimika kutaja anachoumwa.

Wakati huo ukisubiriwa, liko jambo ambalo idara yoyote ya upasuaji mjini inaweza kulifanya Jumatatu ijayo: karatasi moja kwa Kiswahili na Kilingala, isomwe kwa sauti mbele ya mgonjwa na mkewe au mwanawe kabla ya sindano. Iseme damu itatoka wapi na kwa siku ngapi. Itaje rangi ya shahawa bila aibu. Iwe na namba ya simu ya zamu ya usiku, inayopokelewa. Na iseme wazi nani atalipa kama mgonjwa akirudi usiku ule ule kwa tatizo lililotokana na sindano ya asubuhi. Kwa maoni yangu asilipe yeye.

Kwa aliyefanyiwa wiki hii na bado hana karatasi hiyo: mkojo wa rangi ya waridi, au damu kidogo kwenye shashi, kunywa maji na upumzike. Mkojo mzito wenye mabonge, kushindwa kukojoa, damu ya haja kubwa inayojaza kitambaa na kuendelea, kizunguzungu ukisimama, au joto la nyuzi 38 na kutetemeka, usisubiri kuche. Mpigie mwenye mtumbwi sasa, na ukifika hospitali sema neno la kwanza kwamba ulifanyiwa biopsi ya tezi dume, na siku uliyofanyiwa, ili mtu asikupe dawa ya malaria na kukurudisha nyumbani.